Sanduku la Hewa

Sohar, mwezi wa saba, saa tisa alasiri.
Kiyoyozi kinanguruma kama mgonjwa
asiyetaka kuulizwa hali.
Nimebonyeza kitufe kimoja
nikaenda kuchukua chai ya karaki kwa Biju,
sukari imezidi kama kawaida yake.
Niliporudi, mabomba mia tatu na kumi na mawili
yalikuwa yameshajua kwao.

Miaka kumi na moja nimeyachora kwa mkono,
moja moja, kama msusi wa ukili:
hili lipande, hili lilalie nguzo,
la mvuke liachiwe nafasi ya kupumua,
maana chuma kikipata joto hutanuka,
na kikibanwa hulipiza.
Sasa programu inatafuta yenyewe.
Inaukata mtambo mzima vijumba vidogo vidogo vya hewa,
inakiuliza kila kimoja: uko wazi?
Kikiitika, inaingia.
Haipigi hodi mara mbili.

Laini namba mia mbili na nne, inchi sita,
kutoka pampu ya magharibi hadi tangini.
Viwiko vitatu tu. Mimi ningeweka saba.
Biju akapiga mluzi. Meneja akapiga hesabu:
chuma kilichookolewa, wachomeleaji watakaopunguzwa,
siku zilizorudi mfukoni.
Hakuna mgongano, yasema skrini,
kwa kijani cha mlango wa msikiti mpya.

Nami nikaikuza picha, nikaingia ndani yake
kama niingiavyo nyumba ya kupanga,
nikitazama kwanza choo kiko wapi.
Nikasimama mbele ya vali.
Nikanyoosha mkono wa kuwazia.
Haukufika.

Kiwiko cha chuma kilikuwa kimekaa
palepale panapotakiwa kiwiko cha mtu.

Na huyo mtu namjua. Sleyum, zamu ya usiku.
Bega lake la kulia liliteguka
mwaka ule flanji ilipofyatuka,
halikurudi sawasawa.
Vali ile huifungua kwa mkono wa kushoto,
amegeuka ubavu, akihesabu mizunguko kwa Kiswahili
alichopewa na mama yake, kama mimi na wangu:
moja, mbili, hadi kumi na nne.
Huhitaji uwazi wa upana wa mlango.
Mashine iliuona uwazi huo.
Ikadhani hauna mwenyewe.

"Njia ya mwongo ni fupi," mama alikuwa akisema
kila tuliporudi kutoka chuoni kabla ya wakati,
juzuu kwapani, haijafunguliwa.
Lakini programu haikusema uongo.
Iliulizwa habari za chuma, ikajibu habari za chuma.
Sisi ndio hatukumtaja Sleyum.

Basi nimechora sanduku.
Halina chuma, halina uzito, halitanunuliwa,
fundi hatalikuta kwenye orodha ya vifaa.
Mita mbili kwenda juu,
upana mita moja na kidogo;
hicho kidogo ni cha bega.
Programu ikataka jina la kizuizi.
Kanuni zinasema niandike "nafasi ya kufikia vali."
Nimeandika SLEYUM.

Nikabonyeza tena.
Ikafikiri, au liite unavyotaka tendo hilo,
sekunde arubaini.
Laini mia mbili na nne ikaja mpaka karibu naye,
ikasita, ikapanda,
ikampitia juu ya kichwa bila kumgusa kofia,
ikashuka upande wa pili.
Viwiko saba.

Meneja atauliza hivyo vinne vya ziada ni vya nani.
Jibu sijaliandaa bado.
Karaki imepoa, imefanya utando juu,
nautoa kwa ncha ya kalamu.